RDC: Kilio ndani ya WhatsApp, nani yupo na nani hayupo?

Siku hizi mtu akifariki Bukavu, Uvira ao Lubumbashi, habari inaweza kufika Brussels ao Johannesburg mbele ya jirani wa nyumba ya tatu kuisikia. Saa moja haijapita, kikundi cha WhatsApp kimekwisha kufunguliwa. Picha ya marehemu imewekwa juu, jina lake limeandikwa, na namba za ndugu, wakwe, wanafunzi wenzake wa zamani na watu wa kanisa zinaingizwa moja moja. Kisha zinafuata alama za mishumaa na za mikono iliyounganishwa, orodha ya michango, namba ya M-Pesa ao ya Airtel Money, na saa ya kutoa mwili kwenye morgi. Siku ya mazishi, simu moja inainuliwa juu ya vichwa vya watu ili walio mbali waone jeneza likishuka.

Desturi hii imeenea haraka, hata watu hawaishangai tena. Lakini imeleta swali ambalo si la mafundi wa kompyuta peke yao. Yule aliyefuata mazishi yote kwenye kioo cha simu, je, alikuwapo? Ndugu yake aliyebeba jeneza anaweza kumwambia siku moja kwamba hakuja kumzika mama? Naye ana haki ya kujibu kwamba alikuwa pamoja nao?

Makampuni makubwa ya Marekani yanapenda kusema juu ya dunia mpya ya kidijitali, ambamo watu watakutana wakiwa wamevaa miwani ya kielektroniki. Ni kwa ajili ya ndoto hiyo kampuni ya Facebook ilibadili jina na kujiita Meta mwezi wa 10 mwaka wa 2021. Wakongomani wengi wamekwisha kuingia katika dunia kama hiyo, lakini kwa mlango mwingine: simu ya mkononi, forfe ya siku moja, na kikundi cha jamaa. Na ni kwenye kilio, ao matanga kama wengine wanavyosema, ndipo inaonekana wazi dunia hiyo inabadili nini katika maisha ya mtu.

Yupo, yuko, yumo

Kiswahili chenyewe kina chombo kizuri cha kufikiri juu ya jambo hili. Kufaransa kinatosheka na kusema mtu “yuko” mahali; Kiswahili kinataka kujua zaidi, kwa hiyo kina maneno matatu. “Yupo” ni kusema mtu anapatikana hapa hasa, fasi inayojulikana, unaweza kumwonyesha kwa kidole. “Yuko” ni kusema anapatikana upande fulani, bila kuonyesha wapi kabisa. “Yumo” ni kusema yuko ndani, amezungukwa na kile alichoingia. Katika mazungumzo ya kila siku Goma ao Lubumbashi, watu wanapenda kutumia “iko” kwa kazi zote tatu, lakini aliyesoma Kiswahili cha shule anaijua tofauti.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliona mapema kwamba mambo ya namna hii si sarufi tu. Katika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, kilichotoka mwaka wa 1956, alionyesha kwamba lugha inapanga vyote vilivyopo katika mafungu manne: mtu, kitu, fasi pamoja na wakati, na namna. Kwake fasi na wakati vinakaa katika fungu moja. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa sababu neno “hapo” linaonyesha fasi na linaonyesha wakati pia: tunasema “hapo mlangoni”, na tunasema “hapo zamani”.

Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilitembea pamoja. Kuwapo kwenye kilio kulikuwa ni kuwa fasi moja na wengine, saa ileile. Simu imevitenganisha. Saa imebaki moja, lakini fasi zimekuwa mbili, tano, ishirini. Mtoto wa marehemu aliye Brussels anasikia wimbo uleule, dakika ileile, akiwa amekaa peke yake jikoni na koti lake la kazi.

Jambo la ajabu ni kwamba kinyume chake kinaonekana pia. Chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, kuna kijana ambaye macho yake hayatoki kwenye simu. Anacheka kimya juu ya video iliyotoka mji mwingine. Huyo yupo, lakini hayumo. Na yule wa Brussels, ambaye machozi yanamtoka mbele ya kioo, hayupo, lakini yumo. Maneno ya zamani yanaeleza jambo jipya bila shida.

Je, ni kitu cha kweli?

Wanafalsafa wamegawanyika juu ya thamani ya maisha haya ya kwenye kioo. Mwaustralia David Chalmers, anayefundisha Chuo Kikuu cha New York, alitoa mwaka wa 2022 kitabu chenye jina Reality+. Anasema kwamba dunia za kidijitali si ndoto wala uongo. Vitu vilivyomo ni vitu vya kweli, ingawa vimefanyika kwa namba za kompyuta, na mtu anaweza kuishi humo maisha yenye maana. Kwa kumfuata yeye, mtoto wa Brussels hakuona kivuli cha mazishi: aliona mazishi.

Mmarekani Hubert Dreyfus, aliyefundisha Berkeley na kufariki mwaka wa 2017, alikuwa na mashaka makubwa. Katika kitabu chake juu ya intaneti, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 2001, alisema kwamba mtu asiyeleta mwili wake haleti kitu cha kupoteza. Hawezi kuumia, hawezi kuchoka, anaweza kuondoka kwa kugusa kidole. Na pasipo na hatari, alisema, hakuna kujitoa kwa kweli. Hapo wengi waliokesha usiku kucha kwenye kilio, wenye baridi ya Bukavu mgongoni, watamkubali.

Lakini habari moja kutoka Norway inasumbua pande zote mbili. Mats Steen alizaliwa na ugonjwa uliokula misuli yake pole pole. Alipitisha miaka yake ya mwisho mbele ya kompyuta, ndani ya mchezo unaoitwa World of Warcraft, akijulikana humo kwa jina la Ibelin. Wazazi wake walidhani kwamba mtoto wao alikuwa peke yake, bila rafiki. Alifariki mwezi wa 11 mwaka wa 2014, akiwa na miaka 25. Walipotangaza kifo chake kwenye ukurasa wake wa intaneti, barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu wasiowajua, zikieleza namna Mats alivyowasikiliza, alivyowashauri, hata alivyopatanisha mzazi na mtoto. Filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka wa 2024.

Habari hiyo inaonyesha kwamba Chalmers anayo haki: urafiki uliozaliwa ndani ya kompyuta ulikuwa urafiki kweli. Lakini mwisho wake unamrudishia Dreyfus sehemu yake. Siku ya mazishi, baadhi ya rafiki hao walipanda ndege kutoka nchi zingine wakaenda Oslo, kusimama karibu na jeneza la mtu ambaye hawakuwahi kumshika mkono. Watu walioishi pamoja ndani ya mchezo kwa miaka, na waliojua kuliko wengine wote kwamba unaweza kuwa na mtu bila mwili, waliona kwamba siku ile mwili ulipaswa kufika.

Fimbo ya mbali

Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika kilio cha leo, mara nyingi fimbo ya mbali ndiyo inayoua. Ndiyo inayolipa jeneza, hema, viti na chakula cha wageni, na pengine deni la hospitali ambalo lisipolipwa mwili hautoki. Feza inatumwa Ulaya asubuhi, na mbele ya jua kushuka imefika kwenye simu ya mpwa huko Kadutu. Kwa familia isiyo na kitu, kusema kwamba ndugu wa mbali “hakuwapo” ni kukosa shukrani.

Nguvu hiyo ina upande wake wa pili. Mwenye kutuma feza anatuma pia neno lake. Siku ya mazishi inangoja ruhusa yake ya kazi, aina ya jeneza inangoja jibu lake, na mabishano ya ukoo yanafanyika usiku, kwa sauti zilizorekodiwa ndani ya kikundi. Shangazi aliyemlea marehemu, mwenye simu ndogo ya vitufe isiyokubali WhatsApp, anaamka na kukuta mambo yamekwisha kuamuliwa. Zamani wazee walikaa chini pamoja, na aliyekuwapo ndiye aliyekuwa na sauti. Leo shangazi yupo nyumbani, lakini hayumo kule maneno yanakokatwa.

Hata aibu imebadilika. Zamani aliyekosa kilio alikuwa na njia ya kutokea: habari haikunifikia. Tangu mwezi wa 11 mwaka wa 2014, WhatsApp inaonyesha alama mbili za buluu ujumbe unaposomwa. Mwandikaji akitaka anaweza hata kufungua orodha ya waliosoma na saa waliyosoma. Kunyamaza, ambako zamani kulikuwa na maana nyingi, sasa kuna moja tu: ameona, hakujibu.

Orodha ya michango nayo inafundisha sheria mpya. Kila mmoja anaikopi, anaongeza jina lake na kiasi alichotoa, kisha anairudisha kikundini. Mchango wa franka 5.000 unakaa chini ya ule wa dola 200, mbele ya macho ya wote. Zamani mwenye kidogo alikuja na mikono yake: alichota maji, alipasua kuni, alikesha na wafiwa, alichimba kaburi. Hakuna aliyemwona kuwa alileta kidogo. Kazi hiyo ingali inafanyika, lakini haina mstari wake kwenye orodha, na kile kisicho na mstari kinaanza kusahauliwa.

Kuna pia swali la marehemu mwenyewe. Picha ya uso wake kitandani, pengine iliyopigwa dakika chache kisha kukata roho, inatembea kutoka kikundi hadi kikundi. Kongo ina sheria ya kidijitali tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, nayo inasema juu ya kulinda habari za kibinafsi. Lakini hakuna mlinzi kwenye mlango wa kikundi cha jamaa. Zamani mlango wa chumba ulikuwa na mama mmoja aliyejua nani aingie na nani angoje nje. Kazi yake ilikuwa kulinda heshima ya aliyelala ndani, na kikundi hakijapata wa kuchukua nafasi yake.

Wakati simu ndiyo fasi pekee

Ni rahisi kulaumu simu kama mtu ana nafasi ya kuchagua. Wakongomani wengi hawakuwa nayo. Tarehe 18 mwezi wa 3 mwaka wa 2020, juu ya ugonjwa wa Covid-19, raisi Félix Tshisekedi alikataza mikusanyiko, pamoja na vilio vya kwenye majumba na nyumbani. Miili ilipaswa kutoka morgi moja kwa moja hadi makaburini, ikisindikizwa na watu wachache. Siku hizo hata aliyekaa mtaa mmoja na marehemu aliweza kulazimika kumwaga kwa kioo.

Vita vimeongeza yake. Waasi wa M23 waliingia Goma mwisho wa mwezi wa 1 mwaka wa 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa 2. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, benki za mji zikafunga milango. Safari kutoka Kinshasa iliyokuwa ya saa chache kwa ndege ikawa ya kuzunguka kwa nchi jirani, kwa wale tu wenye feza na karatasi. Kwa aliyefiwa upande wa pili wa mstari wa vita, simu haikuwa njia ya kukwepa safari. Ilikuwa fasi pekee iliyobaki ambamo jamaa waliweza kulia pamoja. Dreyfus alisema kwamba kwenye intaneti hakuna hatari. Hakuwaza mtu anayelia kwa sauti ya chini, simu mkononi, katika mji ambamo hajui nani anasikiliza.

Lakini fasi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si jamaa. Mwezi wa 1 mwaka wa 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti. Ilirudia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, siku moja kisha uchaguzi, na wakaaji wakakaa karibu siku ishirini bila mtandao. Tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka wa 2021, ilikuwa hitilafu ya kampuni yenyewe: Facebook, WhatsApp na Instagram vilizimika duniani pote kwa saa sita hivi. Uani pa nyumba pana matope, pana kelele za majirani, mvua inanyesha. Lakini hakuna ofisi ya mbali inayoweza kubonyeza kitufe ili pasiwepo tena.

Tena, dunia hii inayoitwa isiyo na mwili ina mwili, na sehemu ya mwili huo inatoka hapa. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka RDC, hasa Lualaba na Katanga ya Juu, na madini hayo yanaingia katika betri za simu. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, inahesabiwa kuwa karibu asilimia 15 ya ile ya dunia. Ndani yake inapatikana tantali, inayotengenezewa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Mashimo hayo yanaporomoka na kuua wachimbaji. Inatokea basi kwamba kilio cha mchimbaji kinafuatwa na ndugu zake wa mbali kwa chombo kilichofanywa na madini aliyokuwa akiyatafuta.

Jino moja

Kongo imejifunza mara mbili, mbele ya dunia nzima, kwamba picha na mwili havibadilishani nafasi.

Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 2016, Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, akiwa anaimba. Tamasha lilikuwa likionyeshwa kwenye televisheni, na siku ileile picha zile zilitembea kwa simu kutoka Matadi hadi Bunia. Mamilioni ya watu waliona kile ambacho hata jamaa wa karibu kwa kawaida hawakioni. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa kila mtu ameona, yamekwisha. Mwili ulirudishwa Kinshasa, umati ukajaa barabarani, na mazishi yakafanyika tarehe 4 mwezi wa 5. Kuona kulikwisha siku ya kwanza. Kuaga kuliomba siku kumi.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961, karibu na mji unaoitwa leo Lubumbashi, na mwili wake ukaharibiwa kwa asidi ili pasibaki kaburi. Kwa miaka 61 dunia ilikuwa na picha zake, sauti yake, hotuba zake, na filamu inayoonyesha akiwa amefungwa mikono. Kama picha ingeweza kutosha, hakuna marehemu wa Kongo aliyekuwa nazo nyingi kuliko yeye. Hata hivyo, jamaa yake walidai jino moja, lililochukuliwa na polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuharibu mwili. Walikabidhiwa jino hilo Brussels tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka wa 2022. Likawekwa ndani ya jeneza la kipimo cha mtu mzima, likazungushwa nchini, likazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi ule. Watu walisimama barabarani kwa ajili ya kitu ambacho kingeweza kukaa kwenye kiganja cha mtoto.

Hapo ndipo penye jibu, kama jibu lipo. Kioo cha simu si uongo. Kinaleta sauti, uso, feza, ushauri, na machozi yanayokitoka mtu mbele yake ni machozi kweli. Lakini kuwapo kumegawanyika vipande, na vipande vingine havipiti kwenye mtandao: mkono begani, usiku usio na usingizi, udongo unaotupwa kaburini. Hatari si kwamba watu watatumia simu. Wataitumia, na mara nyingi wanafanya vizuri. Hatari ni kusahau kuhesabu vile visivyopita, kwa sababu havionekani kwenye orodha.

Jamaa nyingi hazijasahau. Mara nyingi anayerudi kutoka Ulaya miezi kadhaa kisha mazishi, hata kama aliyafuata kwa simu tangu mwanzo mpaka mwisho, haanzi kwa kula wala kwa kufungua sanduku. Anapoingia uani, kilio kinaanza upya. Waliokwisha kulia wanalia tena, wanamshika, kisha wanampeleka kaburini. Hakuna anayemwuliza kama siku ile video ilikuwa safi.